Karani wa Mzee Mutie

Maringo, Nairobi
9 Februari 2025

Dada Ndanu,

Tezo ya Baba, ile ya kuchongea, ilianguka mara moja tu. Chuma juu ya saruji, mlio mfupi na safi, kama kengele iliyogongwa na mtu akabadilisha nia. Baada yake kimya. Karibu wiki nne sasa na mlio huo haujanitoka. Nausikia nikifungua bomba, nausikia nikitafuna mkate.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha. Barua utaisoma hadi mwisho, hata ukikasirika.

Baba anaketi. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoachiwa akitunze. Anaelewa, hilo nina hakika, kwa sababu nikikosea kumfunga vifungo vya shati ananitazama vile vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake wa uchongaji wakikata gogo la muhugu vibaya. Lakini maneno hayatoki. Kiharusi kimemwachia "eee" moja ndefu, ambayo ni njaa, ni choo, ni hapana, ni jina langu.

Alhamisi nilimpeleka kliniki kwa mtaalamu wa matamshi, mama mmoja anaitwa Roseline. Alinieleza kwamba sehemu ya ubongo inayounda maneno imeumia, lakini yale mtu aliyoyasema kila siku ya maisha yake, sala, mizaha, hata matusi, mara nyingi hukaa mahali pengine na huweza kuamshwa. "Niletee anavyosema," aliniambia, "si anachojua. Nataka sentensi zake mwenyewe, kwa lugha yake. Na usichelewe. Miezi ya kwanza ikipita bila kitu, huenda akabaki hivi."

Dada, nilikaribia kucheka mbele yake. Nani katika mji huu ana maneno ya baba yake kama mimi? Miaka mitatu nimeketi naye kila jioni baada ya chai, yeye akichonga, mimi na ile programu yangu ya kumbukumbu. Umewahi kuiona, ile yenye kadi: kila wazo kadi yake, na kila kadi imeunganishwa na zile inazohusiana nazo, mpaka ukifungua ukurasa wa ramani unaona nukta na mistari kama siafu waliomwagwa mezani. Zote ni za Baba. Miti, zana, jinsi ya kusoma nyuzi za ubao, walionunua, waliokufa. Kadi 2,314. Nimeanza leo kuzipitia nimtolee Roseline sentensi za Baba.

Wachongaji wa kule Majengo bado wanapiga simu. Nawajibu ulivyoagiza: yuko kwako mjini Wote, anapumzika. Hainisumbui sana. Kazi hii inahitaji utulivu.

Nitamrudisha, Dada. Niombee tu mikono iwe myepesi.

Mdogo wako,
Wavinya

*

Wote
13 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimesoma hadi mwisho, na sijakasirika. Hii siku iandike kwenye kadi.

Nimefurahi kwa ajili ya huyo Roseline. Mkande mkono wote, kuanzia begani, usiishie kwenye kiganja, na maji yawe moto kiasi cha kuvumilika. Uji usiwe mwepesi, atapaliwa.

Wachongaji uendelee kuwajibu hivyo hivyo. Unakumbuka Mama alivyougua, watu wakija kumtazama kama wanaotazama ajali? Baba alikuwa mwanamume wa kusimama wima kwenye meza ile miaka thelathini na minane. Wamkumbuke amesimama. Mdomo ukinyooka, wataitwa. Sasa hapana. Nimesema kama kifunguamimba na sitaki turudi hapo.

Shuleni kuna wakaguzi wiki hii. Nitapiga Jumapili, na tusigombane.

Ndanu

*

Maringo
2 Machi 2025

Dada,

Hakuna.

Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Nimepitia kadi zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, nimemaliza leo baada ya ibada, na ndani ya kadi 2,314 hakuna sentensi hata moja ya Baba.

Nikueleze, kwa sababu nikijieleza mwenyewe naona sielewi. Programu ile nilifunzwa na mwalimu mmoja wa mtandaoni, na somo lake la kwanza ni hili: usinakili. Anayenakili hajaelewa. Sikiliza, tafakari, kisha andika wazo kwa maneno yako mwenyewe, fupi, safi, lieleweke hata baada ya miaka kumi. Na somo la pili: ukishalichakata jambo, futa ghafi, ghala lisijae makapi. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Unanijua. Shule yote ile mmenisomesha, nimekuwa mwanafunzi mzuri wa kila kitu.

Basi Baba alikuwa akiongea Kikamba, mimi nikimnasa kwa simu. Baadaye nasikiliza, nageuza kichwani, naandika Kiswahili sanifu. Kisha nafuta sauti. Kila Jumamosi, Dada, kama mtu anayefagia. Nilikuwa nikijisikia msafi.

Sikiliza kadi namba 418: "Ubao mbichi ukikaushwa haraka hupasuka kutoka kwenye moyo wake. Ukaushwe kivulini, ukiwa umepakwa nta ncha zote mbili." Ni kweli. Ni sahihi. Mwanafunzi yeyote angefaulu kwa kadi hiyo. Lakini siku ile Baba alisimulia kisa kizima, kuhusu mtu mwenye pupa na gogo na harusi, na alicheka mpaka akaweka tezo chini. Nakumbuka alivyocheka. Sikumbuki alichosema. Nimekaa na kadi hiyo saa mbili nikijaribu kurudi nyuma, kutoka kwenye ncha za nta hadi kwa yule mtu wa harusi, na hakuna njia. Nimekula embe nikatunza kokwa, na kokwa lenyewe nimeling'arisha.

Hata jina analoniita Baba halimo. Mimi nimebeba jina la mama yake Mama, kwa hivyo tangu nizaliwe mimi kwake ni mama mkwe, na wewe, uliyebeba la mama yake mwenyewe, ni mama. Miaka ishirini na saba ananiita mama mkwe, ananifanyia ile heshima ya mzaha, anageuza kiti akitaka kula, kama mkwe asiyekula mbele ya mama mkwe wake. Nimetafuta neno hilo kwenye programu. Matokeo: sufuri. Halikuwa maarifa.

Nimemwambia Roseline. Hakunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliuliza tu: "Hakuna mtu mwingine ana sauti yake? Ujumbe wa simu, video ya harusi, chochote?"

Dada, alikuwa akikutumia wewe ujumbe wa sauti. Nilimsikia mara nyingi akiwa kule nje kwenye kibaraza, akiongea na simu kama anayeongea na mtu. Kwenye simu yake hazimo, nami ndiye niliyekuwa nikiifuta ikijaa. Unazo? Nitumie hata moja. Hata ya kuuliza mvua. Sekunde kumi tu za "Mama, umeamkaje" zinatosha kuanzia.

Nimeweka simu kando yangu.
Wavinya

*

Wote
6 Machi 2025

Wavinya,

Pole. Usijiue kwa mambo ya kompyuta. Hukujua.

Simu niliibadilisha Januari, ile ya zamani iliingia maji. Ujumbe ulipotea. Nilikuwa na picha za watoto humo pia.

Nakushauri uache hiyo mashine kabisa. Msomee Baba Zaburi kwa Kikamba, alikuwa akizijua kwa moyo. Biblia ya Mama iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Na ule chakula. Jirani yako Lorraine amenipigia, anasema umekonda.

Ndanu

*

Maringo
28 Machi 2025

Dada Ndanu,

Zaburi nimejaribu. Kikamba changu ni cha mtoto wa estate, nasoma kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. Baba alifumba macho. Labda alikuwa akisali. Labda alikuwa akinihurumia.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilidhani ni la akili. Nilianza kumsomea kadi. Zote, kwa utaratibu, arobaini kila siku, nikifuata viungo kutoka moja hadi nyingine, kwa imani kwamba kama nilichukua maji kutoka kwake, nikiyamwaga pale pale yatapata mfereji. Siku ya kwanza alinitazama. Ya pili alitazama dirisha. Ya tatu aligeuza uso ukutani, na machozi yakawa yanamtoka jicho la kushoto. Nilifurahi, Dada. Naomba uelewe jinsi nilivyofika mbali: nilifurahi. Niliandika kwenye kadi mpya: "Ameanza kuitikia."

Lorraine wa hapa mlango wa pili aliingia kuazima chumvi akanikuta katikati ya kadi ya mia na kitu.

"Wavi, niaje. Unafanya nini?"

"Namkumbusha."

"Unamkumbusha ama unamsomea mashtaka?" Akavuta kiti, akaketi mbele ya Baba. "Mzae, sasa? Huyu msichana wako amekufungulia kesi? Ukichoka sema tu, nimtoe na mwiko."

Na Baba akatoa sauti. Si neno. Pumzi ya puani, fupi. Lorraine akaniambia, "Umeona? Amecheka." Nikamwambia ni mafua. Nilimwambia ni mafua, Dada, kwa sababu haikuweza kuwa kwamba ameitikia chumvi na mwiko na asiitikie miaka mitatu ya kazi yangu.

Juzi alikuja Ndete. Yule wa meza inayofuata ya Baba, aliyekuwa akija Krismasi na mkewe. Nilimsikia akipiga hodi kwa Kikamba na sikuwa nimefunga mlango wa chumba. Nikasimama mlangoni nimeushika kwa mikono miwili.

"Mutie yuko wapi? Miezi miwili simu yake inajibiwa na msichana."

"Yuko Wote kwa Ndanu, mzee."

"Bado anapumzika? Anapumzika kama nani, kama waziri? Mwambie meza yake imejaa vumbi na Ndete ameanza kuwekea chai juu yake. Hapo atakuja mbio."

Na nyuma yangu, kutoka chumbani, Baba: "Eee." Ndefu, kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu Januari. "Eeee." Ndete akanitazama. Nikasema ni redio. Mzee wa watu, kofia mkononi, akasema, "Haya," akaondoka. Alijua. Aliniheshimu tu kwa sababu mimi ni mtoto wa rafiki yake. Baba aliendelea kuita mpaka hatua za Ndete zikaisha, na tangu hapo hata ile "eee" hanipi.

Kuna kitu sijakuambia, na kwa sababu nimeanza uongo wa mlangoni naona ni lazima niutoe huu mwingine. Siku ile tezo ilipoanguka nilikuwa chumba cha pili naandika kadi. Nilisikia. Nilijua tezo ya Baba haianguki, kwa miaka thelathini na minane haijawahi kuanguka. Na nilimalizia sentensi. Nikaweka nukta. Nikaiunganisha na kadi mbili. Ndipo nikainuka. Daktari alisema dakika zina maana kubwa, na wewe ulipouliza nilisema nilikimbia.

Roseline anasema tuna mwezi huu na ujao tu. Baada ya hapo hataki kuniahidi kitu.

Sina mtu mwingine wa kumwambia. Usinipigie. Niandikie.
Wavinya

*

Wote
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Najua niliondoka vibaya. Niliahidi wiki nzima ya likizo nikakaa siku mbili, na ulidhani ni kwa sababu ya ile sentensi uliyomalizia. Sivyo. Hiyo nilikwisha kukusamehe nikisoma, kabla hata sijafika mwisho wa ukurasa. Mimi ni mwalimu, najua watoto wanavyomaliza sentensi wakati nyumba inaungua.

Niliondoka kwa sababu sikuweza kuketi mbele ya Baba. Alinitazama, Wavinya. Ulikuwa jikoni. Alinitazama kama mtu anayesubiri kitu alichoagiza, na mimi ninacho mfukoni.

Simu haikuingia maji. Ninazo jumbe za Baba. Ziko sitini na moja, tangu mwaka wa 2022. Sikukutumia kwa sababu nyingi kati ya hizo anakusema wewe. Si kwa ubaya, lakini anakusema, na niliona umeshavunjika vya kutosha. Nilisema afadhali Baba akose maneno machache kuliko nikupoteze na wewe. Nilikosea hesabu. Nimekuona ulivyo sasa, mifupa ya shingo, na ile kompyuta iko wazi mezani kama jeneza, nikajua kwamba kunyamaza kwangu hakujamlinda mtu.

Nakutumia zote. Anza na za zamani, hizo ni za mvua na mbuzi na bei ya nta, zitamfaa Roseline. Za mwisho mwisho si lazima uzisikilize.

Dada yako,
Ndanu

*

Maringo
24 Aprili 2025

Ndanu,

Nimezisikiliza zote sitini na moja. Ulitarajia nisikilize hamsini?

Nilifunga mlango, nikaweka simu sikioni kama anayeongea na mtu, na Baba akaingia kichwani mwangu akiwa mzima. Unajua ilivyo? Miezi mitatu nimekuwa nikimtafuta kwenye nukta na mistari, na alikuwa mfukoni mwako, anakohoa, anaita kuku, anasema "ngoja kwanza" kwa mtu aliyepita.

Nakuandikia hii kwa Kiswahili, najua, tena nafanya lile lile. Lakini hii sikuifupisha. Ni ya Novemba mwaka juzi:

"Mama, umeamkaje. Mimi nimeamka. Jana huyu mama mkwe alikuja tena na karani wake. Nikisema mti, karani anaandika. Nikisema uji, naulizwa uji unahusiana vipi na mti. Sasa mtu atamjibu nini mama mkwe wake? Namwambia yale mazuri mazuri tu, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Yale mengine nakuwekea wewe. Usimwambie. Ana bidii, maskini. Ana bidii mpaka unaogopa kupiga chafya."

Karani ndiyo kompyuta yangu. Miaka mitatu ameipa jina na sikulijua. Na kadi zangu zote, Ndanu, hizo 2,314, hata hazikuwa alichojua. Zilikuwa alichoona kinafaa kumwambia mama mkwe.

Nililia, sitakuficha. Kisha nikaichukua simu nikaenda nikaketi karibu na kitanda chake nikamchezea hiyo hiyo. Nilifikiri ataona aibu. Alisikiliza kichwa kimeinama. Ilipofika "unaogopa kupiga chafya" mabega yakaanza kutikisika, na uso, ule upande unaofanya kazi, ukafunguka. Akainua kidevu kuelekea mezani, kwenye kompyuta. Akasema, "Karani."

Neno zima. Silabi zote tatu. Neno la kwanza tangu Januari.

Ningekushukuru na kukusamehe hapo hapo. Lakini nilikuwa nimeshaisikia ile ya hamsini na nane.

Unaijua. Ya Oktoba iliyopita, akitoka kumwona Mzee Muoki, yule aliyepooza. "Watoto wamemfungia chumbani, pazia limeshushwa, redio wamezima, eti apumzike. Mwanamume aliyekuwa akitukana meza nzima! Wamemzika na bado anakunywa chai. Mama, mimi nikianguka msinifiche. Nipelekeni kwenye meza yangu hata kama mate yananitoka. Hao wajinga watanicheka, na mimi nitawajibu." Na jibu lako liko chini yake, sekunde tatu: "Sawa Baba. Nimesikia."

Ulikuwa umesikia. Ukaniagiza nishike mlango kwa mikono miwili.

W.

*

Wote
25 Aprili 2025

Wavinya,

Sina cha kujitetea. Nilimwahidi kwa sababu alikuwa mzima, na mtu mzima unamwahidi chochote. Aliponipigia daktari na kuniambia hali yake, kitu cha kwanza nilichoona kichwani ni wanaume wale wakimtazama akitokwa na mate, na nikasema, hapana, si Baba yangu. Nilijiambia namlinda. Nilikuwa namwonea aibu. Nimeliandika neno hilo mara tatu nikalifuta.

Lakini nisikilize. Usimpeleke peke yako. Njia ile ni mbaya, vumbi la mbao litamwingia kifuani, na akiona jinsi meza yake ilivyo anaweza kuanguka tena. Subiri Agosti shule zifungwe nije, tumpeleke pamoja, mimi nikiwa mbele. Mimi ndiye niliyeahidi, wacha nitimize mimi. Naomba. Nakuomba, siagizi.

Na ukipata nafasi, mwambie Baba kwamba mama yake anaomba radhi.

Ndanu

*

Maringo
13 Mei 2025

Dada Ndanu,

Nilimwambia. Nilimwambia kwa Kikamba changu kibovu, na aliufumba mkono wa kushoto akaugonga gotini mara mbili, kama hakimu. Sijui ni hukumu gani.

Nilikuwa nisubiri Agosti. Kwa siku tisa nilisubiri. Roseline alifurahi sana kusikia "karani", kisha akaniuliza ni nani wanaoongea nyumbani. Nikamwambia ni mimi na yeye. "Na wewe ni mtu wa kimya," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Maneno ya namna hii yanataka mtu wa kuyarudisha," akasema. "Yanataka ugomvi. Mpe kelele. Na Agosti ni mbali." Tayari tulikuwa tumeingia Mei.

Jumatatu ya wiki jana nilimpeleka. Kiti cha magurudumu ni cha kanisa. Lorraine alifunga saluni yake asubuhi nzima tukasukumana kwa zamu, na kila tulipofika kwenye mfereji alikuwa akipiga kelele, "Mzae, shikilia, hapa tunapaa!" Nguo safi, ndevu nimemnyoa. Taulo begani kwa ajili ya mate. Sikulificha.

Sitakupamba habari. Tezo zote zilinyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka banda zima likawa kimya, na kimya kile kilikuwa kile kile ulichokiogopa. Mzee mmoja aliondoka. Vijana walitazama viatu vyao. Baba aliinamisha kichwa, na nikawaza, Ndanu alikuwa sahihi, nimemuua. Nilikuwa tayari kugeuza kiti.

Ndete alitoka nyuma ya gogo. Alimzunguka Baba, polepole, kama anayekagua kazi ya mtu.

"Mutie. Tuliambiwa uko Wote. Wote ndiyo imekukunja mdomo hivi?"

Akasogea karibu zaidi.

"Miaka yote nakuambia wewe ni mti uliokaushwa juani, unabisha. Tazama sasa. Umepinda upande." Akageuka kwa wengine. "Mnatazama nini? Hamjawahi kuona mtu mvivu? Amekuja kunywa chai ya bure." Na kwangu: "Na wewe, redio ya Mutie, chukua msasa, kuna vifaru kumi na viwili vya mbao vinakungoja."

Walicheka. Baba aliinua kichwa. Mate yalikuwa yanamtoka na macho yake, Dada, sijui nikuambie nini juu ya macho yake.

Tumeenda kila siku tangu hapo isipokuwa Jumapili. Mimi napiga msasa na wake za wachongaji, Baba anaketi kwenye meza yake, wao wanamtukana. Hachongi. Mkono haujarudi na huenda usirudi. Lakini Ijumaa nilienda kununua maandazi, na nilipokuwa nikirudi, nyuma ya rundo la mbao, nilisikia sauti yake. Si kilio, si "eee". Ilikuwa na mwendo, inapanda na kushuka, kama mtu anayemwambia mwenzake "wewe nawe". Sikukamata neno. Ndete alikuwa akisema, "Rudia! Rudia kama wewe ni mwanamume!" Nikasogea. Baba akaniona. Akanyamaza, akarekebisha taulo begani, akaketi wima.

Ilitokea tena Jumamosi. Jana tena, mara mbili. Nikiwepo ni mtu mwenye adabu anayetokwa na mate. Nikitoka kuna kitu kinaanza.

Nimewaza hili kwa namna zangu zote. Nimewaza kwamba ni jina, kwamba hata kiharusi hakijamtoa nthoni yake, ile haya ya mkwe, mtu hatukani mbele ya mama mkwe. Nimewaza kwamba ni karani, kwamba kila anaponiona anaona mtu anayengoja kuandika. Na anaona vizuri, kwa sababu nilikuwa nangoja. Ijumaa ile ile nilifungua simu kunasa sauti yake. Leo asubuhi nilipomfikisha niliiweka chini ya meza yake, nyuma ya kopo la nta, ikiwa imewashwa. Nilifika hadi barabarani. Nikarudi, nikainama mbele ya kila mtu nikaitoa. Ndete alinitazama, hakusema kitu, na kwa Ndete hilo ni jambo kubwa.

Kisha nikamwambia Ndete: Baba atakuwa akija kila asubuhi na Lorraine, atarudishwa jioni, na mimi sitakuja tena. Kwa Baba nilisema kwa Kikamba, kwamba mama mkwe anaenda nyumbani. Aligeuza kiti kidogo kunipisha, vile alivyokuwa akifanya.

Ni saa tano. Niko nyumbani peke yangu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Yuko kule na watu wake, na atakachosema leo, kama atasema, mimi sitakisikia.

Wavinya